Bati la Jirani

Mwaka 2011 shirika la misaada la GiveDirectly kutoka Marekani lilianza kugawa fedha kwa familia maskini za Rarieda, Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Hakukuwa na semina, wala andiko la mradi, wala masharti ya namna ya kuzitumia. Kigezo kikuu kilikuwa paa: anayelala chini ya nyasi aliingia kwenye orodha, mwenye bati akaachwa. Kisha ndani ya kijiji ikapigwa kura, baadhi ya wenye nyumba za nyasi wakapata na wengine wakakosa. Fedha ziliingia kwa M-Pesa. Waliopata kiwango cha chini walipewa Sh25,200, na waliopata kiwango cha juu Sh95,200.

Wachumi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro waliifuatilia kazi hiyo, na mwaka 2016 wakachapisha walichokiona. Hofu ya wengi, kwamba maskini akipewa fedha za bure atazinywea, haikuthibitika: matumizi ya pombe na sigara hayakupanda. Watu walikula vizuri zaidi, walinunua mifugo na samani, na wengi wakaezua nyasi na kuezeka bati. Walipoulizwa hali ya mioyo yao, walionekana wenye furaha zaidi na wenye kuridhika na maisha kuliko wenzao ambao hawakupata kitu.

Nimeanza na Rarieda kwa makusudi, kwa sababu mada hii ya mali na furaha imezoeleka kufunguliwa kwa mahubiri. Tunaambiwa mali ni mapambo ya dunia tu, tutosheke na tulicho nacho. Na mara nyingi anayetuambia hivyo ameshiba na amelala pakavu. Paa la nyasi lina kazi isiyoisha. Linaoza, linaingiwa na wadudu, linadai nyasi mpya kila baada ya muda. Mvua ikinyesha usiku, mama huamka kusogeza watoto na kupanga masufuria mahali panapovuja. Bati likishapigiliwa, kero yote hiyo inakwisha, na watu wanalala mpaka asubuhi. Hiyo ni furaha ya kweli, na kilicholeta furaha hiyo kimenunuliwa dukani. Ndivyo lilivyo bomba la maji uani kwa msichana aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kwenda kisimani. Ndivyo ilivyo taa ya sola kwa mtoto anayetaka kudurusu baada ya magharibi. Sitaki sura hii isomwe kama lawama kwa mtu anayetamani kitu. Umaskini unauma, na vitu vinapunguza maumivu yake.

Lakini kijijini humo walikuwamo majirani. Nao walilala chini ya nyasi, nao walistahili, ila kura haikuwaangukia. Haushofer na Shapiro, wakiwa na mwenzao James Reisinger, waliwauliza nao maswali yale yale. Kadiri mali za majirani zilivyoongezeka, ndivyo watu hao walivyozidi kusema kwamba hawaridhiki na maisha yao. Hakuna aliyewanyang'anya kitu. Nyumba ilikuwa ile ile, shamba lile lile, kuku wale wale wa mwezi uliopita. Kilichobadilika ni kwamba sasa nyuma ya ua palikuwa na bati linalong'aa. Na jambo lililonishtua zaidi katika utafiti huo ni uzito wa hasara hiyo: kutajirika kwa majirani kulimshusha mtu kuliko fedha zake mwenyewe zilivyompandisha.

Tusiwadhanie vibaya watu wa Rarieda. Vipimo vya msongo na sonona havikuonyesha kwamba majirani hao waliugua. Kilichoshuka ni jibu la swali moja tu, la kama mtu anaridhika na maisha yake kwa jumla. Na baada ya muda pengo lilififia, kwa kuwa macho yalilizoea bati. Miaka michache baadaye fedha nyingi zaidi ziligawiwa Siaya, katika utafiti mwingine uliohusisha vijiji 653, na safari hii ilionekana kwamba wasiopewa nao matumizi yao yalipanda. Fedha zilizunguka. Zilifika kwa fundi, kwa muuza dagaa, kwa mwenye kinu. Mimi nauona humo ukweli ambao bibi zetu waliujua bila utafiti: neema ya jirani ikipita mkononi mwako, unaifurahia pamoja naye, ukibaki kuitazama tu, inakuchoma.

Kutazamana huko hakukuanza jana. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu na Pate, ukuta wa chumba cha ndani ulijengewa zidaka, safu kwa safu, na ndani ya zidaka hizo zikapangwa bakuli na sahani za kaure kutoka China. Chombo kile kilisafiri bahari nzima, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuonekana na wageni.

Mfano wa Unguja una uzito zaidi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivishwa kaniki na merikani, nguo zilizomtambulisha mtumwa njiani, walizitupa wakavaa kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa kina jinsi kanga ilivyokuwa tamko la uhuru kwa wanawake hao, na jinsi toleo jipya lilivyogombewa madukani. Siwezi kuiita hiyo tamaa. Mwanamke ambaye jana alikuwa mali ya mtu, leo ana doti yake, ameichagua rangi mwenyewe, na mtaa mzima wa Ng'ambo unamwona akipita. Alichokinunua ni heshima, na heshima ni miongoni mwa vitu vinavyomfanya binadamu aamke asubuhi akiwa na raha.

Hapo ndipo ugumu wa mada hii ulipo. Kitu kinachotazamwa na wengine kinaweza kumwinua aliyedhalilishwa, na kinaweza pia kumsononesha aliyekikosa. Tofauti ya zamani ni kwamba macho yalikuwa na mipaka. Waliokuona siku ya sikukuu ni watu wa mtaa wako, waliokujua kwa jina na kujua shida zako. Sikukuu iliisha, doti ikafuliwa, ikaanikwa, na baada ya muda ikawa ya kubebea mtoto. Mashindano yalipumzika mpaka sikukuu nyingine.

Simu imeondoa mapumziko hayo. Mwanasaikolojia Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu anapokosa kipimo cha wazi cha kujipimia, hujipima kwa watu wengine, hasa wale wanaofanana naye. Ndiyo maana jumba la bilionea wa Ulaya halimkoseshi kijana wa Mbagala usingizi, lakini gari la mtu aliyekaa naye dawati moja linamkosesha. Sasa fikiria kwamba wote uliowahi kukaa nao dawati moja, wote uliocheza nao utotoni, binamu aliyeko Muscat, dada aliyeolewa Mwanza na mfanyakazi mwenzako wa zamani wamekuwa majirani wa ukuta mmoja, na kila mmoja anakuonyesha bati lake siku aliyolipaka rangi. Siku alizolia hukuzihudhuria. Unalinganisha nyumba yako, ambayo unaijua mpaka jikoni, na sebule za wenzako tu.

Tena chombo hiki hakikujiunda chenyewe. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, na kwa miaka mitano ya mwanzo haikuwa na kile kitufe cha kidole gumba. Kiliwekwa Februari 2009, na tangu hapo sifa ya mtu ikawa na tarakimu inayoonekana na wote. Instagram ilifuata Oktoba 2010. Mbunifu Aza Raskin, aliyebuni mwaka 2006 ule mtindo wa ukurasa usio na mwisho, ambao unausukuma kwa kidole nao unaendelea kuleta mambo mapya, baadaye alijitokeza hadharani kusema anajuta. Kampuni hizi zinaishi kwa matangazo, kwa hiyo kila dakika unayobaki ukitazama ni biashara kwao. Mwaka 2017 WhatsApp nayo ikaleta status, picha ya saa 24 yenye orodha ya walioitazama, na hapo hata shangazi ambaye hana habari na Instagram akaanza kuhesabu ni nani ameona kitenge chake na ni nani amepita bila kusema neno.

Watafiti wamejaribu kupima jambo hili. Mwaka 2013 kundi la Ethan Kross huko Ann Arbor, Marekani, lilichapisha utafiti uliowafuatilia vijana 82 kwa wiki mbili, wakiulizwa mara tano kwa siku kwa ujumbe mfupi: unajisikiaje sasa, na umetumia Facebook kiasi gani tangu tulipokuuliza? Kadiri walivyotumia, ndivyo walivyojisikia vibaya walipoulizwa tena. Miaka miwili baadaye Philippe Verduyn na wenzake, Kross akiwamo, wakaonyesha kwamba tatizo lilikuwa hasa katika kutazama kimya kimya: kupita kwenye kurasa za watu bila kuwasemesha, na moyoni wivu ukipanda.

Utafiti ninaouamini zaidi ni wa mwaka 2018, kwa sababu wachumi Hunt Allcott na Matthew Gentzkow na wenzao hawakuishia kuuliza maswali. Waliwalipa Wamarekani dola 102 kila mmoja wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne, kisha wakawalinganisha na walioendelea kama kawaida. Waliofunga walipata takriban saa nzima ya ziada kila siku. Sehemu ya saa hiyo waliitumia na familia na marafiki, sehemu wakaangalia televisheni. Furaha yao na kuridhika kwao vilipanda, ingawa kwa kiasi kidogo. Habari za siasa na matukio ya nchi walizijua kwa uchache kuliko wenzao. Na wiki nne zilipokwisha, wengi waliporudi Facebook waliitumia kwa uchache kuliko zamani. Nasisitiza yale maneno "kiasi kidogo" niliyoyasema juu ya furaha. Anayesema simu ndiyo iliyoharibu maisha yote ya vijana anavuka mpaka wa ushahidi. Lakini kitu ambacho watu wanakipa saa nzima ya kila siku, halafu kinapoondolewa wanajisikia nafuu, hakistahili kuitwa chanzo cha furaha.

Tafiti hizo ni za Marekani, na hazikupima kitu ambacho kwetu Afrika Mashariki ndicho kinachonitia hofu zaidi. Hapa kwetu simu inayokuonyesha bati la jirani ndiyo hiyo hiyo inayokukopesha fedha za kulinunua. M-Shwari ilianza Kenya Novemba 2012, M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, na baada yake ukaja utitiri wa programu za mikopo zisizojulikana ni za nani. Mikopo hii imewaokoa wengi: mtoto anaumwa usiku, dawa inahitajika, fedha inaingia ndani ya dakika mbili. Namheshimu aliyekopa kwa ajili hiyo. Lakini dirisha lile lile liko wazi saa tano usiku kwa mtu aliyetoka kuona picha za rafiki yake akiwa ufukweni Nungwi. Kati ya uchungu wa kuona na deni la kutibu uchungu huo hakuna tena safari ya benki, hakuna mdhamini, hakuna mke au mume wa kuulizwa. Kuna kidole kimoja.

Watanzania wameipa mikopo ya riba kali jina la kausha damu, na anayeijua haongezi maelezo. Wakopeshaji wengine wa mtandaoni, ukichelewa, huwatumia ujumbe watu walio kwenye simu yako, bosi wako, mkweo, mjumbe wa kikoba chako, kuwatangazia kwamba wewe ni mdaiwa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni na kuwaonya wananchi. Mtu aliyekopa ili aonekane ana maisha mazuri mbele ya watu, anaishia kuvuliwa nguo mbele ya watu wale wale. Kuna pia simu za mkopo wa kulipa kidogo kidogo ambazo hujifunga zenyewe siku unayokosa rejesho. Mtu anatembea na simu ya bei kubwa mfukoni, na haiwezi hata kumpigia fundi aliyeahidi kumpa kibarua.

Harusini ndiko haya yote yanakokutana. Mchango wa harusi ni desturi njema. Ndio uliowawezesha wazazi wetu wasio na kitu kuwaoza watoto wao kwa heshima. Jirani alileta kuku, mwingine akaleta mchele, wanawake wakakesha wakipika, na aliyekosa vyote akaleta mikono yake. Leo kundi la WhatsApp linafunguliwa miezi mitano kabla, orodha ya ahadi inabandikwa kila jioni, na jina lako limekaa pale na kando yake tarakimu, au pengo. Kabla ya harusi kuna kicheni pati, kuna sendofu, kila moja na ukumbi wake, mpambaji wake, mshereheshaji wake, sare zake. Keki inapanda ghorofa. Kamera inaruka angani. Nimewaona wanandoa ambao mwaka wao wa kwanza wa ndoa umepita katika kulipa madeni ya saa sita za ukumbini, na ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya fedha ya mpiga video. Video yenyewe wameitazama mara mbili.

Dada mmoja mshonaji, mwenzangu wa maongezi wa muda mrefu, aliniambia kwamba siku hizi wanawake wanamwomba awashonee sare nyingine kwa sababu ile ya harusi iliyopita "imeshaonekana". Nguo haijapauka wala haijachanika. Imeshapigwa picha, basi. Wanawake wa Ng'ambo waliogombea kanga mpya wangewaelewa wateja wake hao kwa sehemu, lakini kanga yao iliendelea kuwa na kazi baada ya kuonekana.

Hata hivyo siwezi kuitupa simu, na wewe pia usiitupe. Yupo mama Pemba ambaye mwanawe anafanya kazi Oman, na kila baada ya alfajiri anapokea ujumbe wa sauti: "Shikamoo mama, umeamkaje?" Anausikiliza, anajibu, mchana anausikiliza tena. Mwanawe alipoondoka angeweza kupotea kama walivyopotea mabaharia wengi kabla yake. Sasa mama anaisikia sauti yake ikiwa na mafua na anamwambia anywe tangawizi. Hakuna anayehesabu ni wangapi wamelipenda jambo hilo. Lile linalowaunganisha watu wawili wanaojuana ni tofauti kabisa na lile linalomweka mmoja jukwaani na mia moja gizani, ijapokuwa yote mawili yanapita kwenye kioo kimoja.

Mwaka 1938 watafiti wa Harvard walianza kuwafuatilia vijana 268 wa chuo hicho, na baadaye wakaunganishwa na kundi la wavulana 456 kutoka mitaa ya maskini ya Boston. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na sasa imefika kwa watoto wao. Robert Waldinger, anayeiongoza, amekuwa akieleza matokeo yake: walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya njema zaidi walipofika 80. Kilichowasaidia kufika huko kilikuwa mke, rafiki, ndugu, mtu wa kumpigia simu usiku wa shida.

Karibu na kwetu zaidi, Lara Aknin, Elizabeth Dunn na wenzao walichapisha mwaka 2013 utafiti uliowahusisha watu wa Kanada na wa Uganda. Waliwaomba wakumbuke siku walipojinunulia kitu wenyewe, au siku walipomnunulia mwenzao. Hali za nchi hizo mbili zimepishana mno, na hata matumizi waliyoyakumbuka yalipishana, lakini jibu lilikuwa moja: waliokumbuka kutoa walikuwa na furaha zaidi. Walipata raha kwenye fedha, kwa kuwa ilipita kwao ikamfikia mtu mwenye sura na jina.

Hivyo nikiulizwa kama vitu na mitandao vinaleta furaha, jibu langu ni kwamba vitu vinaleta pale vinapoondoa dhiki au vinapomfikia mwenzako, na simu inaleta pale inapokukutanisha na mtu wako. Vinapokuwa vya kutazamwa tu, vinakula fedha, usingizi na undugu, na havirudishi.

Nina ombi kwa msomaji ambaye msimu huu yumo kwenye kamati ya harusi, maana kila mwaka wengi wetu tumo. Pangeni bajeti kabla ya kufungua kundi la WhatsApp, na ipangeni kwa kipato cha maharusi na wazazi wao. Ondoeni majina na tarakimu kwenye ile orodha ya kila jioni. Mweka hazina anatosha kuijua. Asiye na fedha mpeni kazi, apike, apange viti, aimbe. Kikibaki chochote, wapeni maharusi kodi ya nyumba ya miezi sita. Waanze maisha bila deni la mtu.